Chaki Kwenye Kioo

Nianze na mkasi, maana bila mkasi hamtaelewa kwa nini nikisikia mtu anasema ndugu hawafichani, nasaga meno.

Kila karakana ya ushonaji ina sheria zake, lakini moja ni ya wote: mkasi wa fundi hauguswi. Uzi utaazima, futi utaazima, hata cherehani ya mwenzako utaikalia akiwa amekwenda kula. Mkasi, hapana. Mkasi huzoea mkono wa mwenyewe, na ukikatia karatasi mara moja tu makali yamekwisha. Ukija kukatia hariri, inatafunwa kama majani. Asiye fundi anaona ni maringo. Fundi anajua hicho ndicho kinachomlisha.

Aliyenifundisha sheria hiyo ni dada yangu mkubwa. Nilikuwa bado mtoto, sijafika hata urefu wa meza ya kukatia, nikanyoosha mkono kuushika mkasi wake niuone tu. Alinichapa vidole kwa rula ya mbao, kisha akachuchumaa mbele yangu akaniambia maneno ambayo naweza kuyarudia nikiwa usingizini: "Kitu cha mtu ni cha mtu, hata kama mtu huyo ni mimi na wewe ni mdogo wangu. Unaomba. Ukinyimwa, unanyamaza." Nikayameza kama dawa. Tangu siku hiyo sikuugusa tena mkasi ule mpaka siku ninayotaka kuwasimulia, na mpaka sasa naona aibu nilivyoyaamini maneno yale kuliko aliyeyasema.

Karakana yetu ni chumba cha mbele cha nyumba ya Mama. Cherehani zimeegemea ukuta, meza ya kukatia iko katikati, meza ya pasi iko chini ya dirisha, na kwenye pembe kuna pazia ambapo wateja hujaribia nguo. Jina lililoandikwa juu ya mlango ni la Dada. Mkasi wake unaning'inia kwenye msumari juu ya cherehani yake, unang'aa, unapakwa mafuta kila mwisho wa wiki. Ila haufanyi kazi. Kidole gumba chake cha kulia kimevimba kwenye kiungo, na kitambaa kizito hawezi tena kukikata. Akifika katikati mkono unamfa ganzi na mstari unakwenda upande. Hilo halisemwi. Mteja akileta kitambaa, Dada anakipokea, anampima, anamsifia umbo, na mteja akishageuza mgongo kitambaa kinahamia upande wangu bila neno. Nakata mimi. Siku ya kuchukua nguo mteja anamwambia, "Mikono yako ina baraka," na Dada anajibu, "Namshukuru Mungu." Mimi nafagia vipande.

Mtu mwingine aliyejua ni Bi Vifungo, mama wa makamo anayetusaidia vifungo na pindo, ambaye jina lake la kweli hata wateja wamelisahau. Mimi mwenyewe naitwa Pini. Dada ndiye aliyenibatiza, kwa kuwa nilikuwa mwembamba na nikiguswa nachoma. Basi nachoma.

Sasa sikilizeni. Kikundi cha maigizo kilitangaza kwamba kinatafuta mkataji wa mavazi ya jukwaani, na anayetaka atume michoro yake. Nikafungua akaunti ya barua pepe kwa ajili hiyo tu. Nikachora koti la mfalme aliyefilisika: kwa mbele ni mahameli na vifungo vya dhahabu, mgongoni ni pazia kuukuu lililofifia kwa jua, ili mfalme akisimama awe mfalme, na akigeuka watazamaji waone njaa yake. Mkuu wa mavazi aliniandikia mwenyewe. Alisema koti limemchekesha na kumliza, na kwamba jibu la mwisho ningelipata wiki ileile. Nilikaa na barua ile kifuani kama mtu aliyemeza taa.

Sikumwambia mtu. Wala haikuwa kwa ubaya. Nilitaka nikimwambia Dada niwe na jibu mkononi, tukae, tupange nani atakuja kukata badala yangu, na huyo nimfundishe kabla sijaondoka. Hotuba yote nilikuwa nimeshaiandaa. Nilikuwa naifanyia mazoezi nikipiga pasi.

Na sasa kuhusu simu, kosa ambalo ni mshonaji tu anayeweza kulifanya. Simu yangu haisomi alama za vidole vyangu. Sindano zimevitoboa na pasi imeviunguza mpaka mistari imefutika, kwa hiyo simu ilikuwa inaniambia nijaribu tena, nijaribu tena, kana kwamba mimi ndiye mwizi. Nikaweka mchoro, ule wa kuunganisha vitone kwa kidole. Soketi nzima ni moja tu, ya meza ya pasi, hivyo simu ilishinda pale ikichaji wakati mimi napeleka nguo kwa wateja. Nilijiona nimefunga mlango, nimetia na komeo.

Siku yenyewe alikuja mwalimu mmoja, mteja wetu wa zamani, kujaribu koti lake. Dada alikuwa anamzunguka, pini mdomoni, anabana huku na huku. Mwalimu akatania, eti safari hii anataka koti la kifalme. Dada akacheka na pini zake.

"Wafalme wa siku hizi wanavaa mapazia mgongoni, mwalimu. Hujasikia?"

Mwalimu alicheka kwa adabu, bila kuelewa. Mimi nilikuwa nakata shingo ya gauni. Mkasi ulisimama palepale. Koti lile lilikuwa kichwani mwangu, ndani ya simu yangu, na machoni pa mwanamke mmoja ambaye Dada hajawahi kumwona. Bi Vifungo aliinua uso akanitazama. Nadhani rangi ilikuwa imenitoka.

Niliweka mkasi chini, nikachomoa simu, nikaenda kujifungia chooni. Kwenye barua zilizoingia hapakuwa na kitu kipya. Nikafungua kapu la takataka, na hapo nikaikuta. Imeshafunguliwa, imeshasomwa, imeshatupwa. Mkuu wa mavazi alikuwa ameniandikia juzi, saa zile nilipokuwa nimempelekea bibi harusi gauni lake: "Tumekuchagua wewe. Njoo Jumatatu tuweke sahihi." Nikaenda kwenye barua zilizotumwa. Aliyetupa barua alisahau kutupa jibu.

"Shikamoo. Asante kwa kunifikiria. Nimetafakari nimeona kazi hiyo sitaiweza. Kusema kweli ile michoro si yangu, ni ya dada yangu, mimi ni msaidizi wake tu. Naomba mtafute mwingine. Samahani kwa usumbufu."

Nilisoma, nikasoma tena. Nilihisi mtu amenivua nguo na kuzivaa yeye, kisha akatoka barabarani akijiita mimi. Kukataliwa kazi, pengine ningemeza kwa maji mengi. Lakini kukataliwa kwa mdomo wangu mwenyewe! Na kuitwa mwongo juu yake, nikiomba na samahani! Koti nililolichora kwa mkono huu likawa lake, kama gauni zote zilivyokuwa zake, kama baraka zote zilivyokuwa zake.

Amefunguaje? Ndilo swali nililokuwa najiuliza, na jibu lilikuwa mkononi mwangu. Dirisha la choo ni dogo, liko juu, na mwanga wake unaingia kwa mshazari. Niliinua simu. Juu ya kioo cheusi kulikuwa na mstari mweupe, mwembamba, umenyooka, umepinda, umepanda, umeishia pembeni. Chaki. Kila nilipotoka kuchora kitambaa nikafungua simu kwa kidole kilekile, nilimchorea ramani. Na Dada ni mtu ambaye macho yake yalizoea kufuata mstari wa chaki tangu mimi sijaota meno. Hakuhitaji hata kubahatisha. Alifuata tu, kama anavyofuata mshono.

Nilipita mlango wa nyuma, nikasimama kando ya tangi la maji, nikampigia mkuu wa mavazi. Nilimwamkia, nikajitambulisha.

"Marahaba," alisema. "Lakini wewe juzi si umeniandikia hutaki?"

"Si mimi, mama. Mtu aliingia kwenye akaunti yangu."

"Mtu gani?"

Nilitamani niseme mwizi. Nilitamani niseme mtu wa mbali, mjuzi wa mitambo, mwenye kofia imemfunika uso. "Dada yangu," nikasema.

Alishusha pumzi. Si pumzi ya huruma. Ni ya mtu aliyechoka na mambo ya nyumba za watu. "Sikiliza, mwanangu. Juzi umeniambia michoro si yako. Leo unaniambia aliyesema hivyo si wewe. Nimwamini nani? Mimi sioni uso, naona maandishi. Na ile nafasi nimeshamwahidi mtu mwingine, maana wewe ulinirudishia."

"Naomba nije. Nikate mbele yako."

"Njoo Jumatatu, basi. Siahidi kitu. Na uje na mkasi wako."

Simu ilipokatika, hasira yangu ilikuwa imetulia, na hasira iliyotulia ndiyo mbaya. Nilirudi ndani. Mwalimu alikuwa nyuma ya pazia akivua koti taratibu asichomwe na pini. Mama alikuwa ametoka chumbani kwake amekaa kwenye kigoda cha mlangoni, kama kawaida yake saa zile. Nikaiweka simu mezani mbele ya Dada, jibu lake likiwa wazi.

"Umeandika wewe hii?"

Aliangalia, akaangalia pembeni. Sitamsingizia, hakukana. "Nilikuwa natafuta ile picha ya gauni la bibi harusi. Barua ikaingia mbele ya macho yangu."

"Na vidole navyo vikaingia vyenyewe vikajibu?"

"Punguza sauti, kuna mteja." Alichomoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. "Nimekuokoa, Pini. Wewe unawajua watu wa maigizo? Leo wapo kesho hawapo. Wangekutumia wakakutupa. Hapa una meza yako, una kwenu."

"Ungeniambia hivyo."

"Ungenisikiliza? Wewe ukishashika lako hushikiki. Halafu wewe ndiye ulianza kunificha. Mimi dada yako! Nimekuogesha, nimekusuka, nimekulipia shule kwa mikono hii. Kati yangu na wewe kuna siri gani ya kufungiwa kwa mavitone?"

"Kweli jamani," Mama alidakia kutoka mlangoni. "Damu nzito kuliko maji, mwanangu. Mtu hafungi mlango ndugu yake akiwa ndani ya nyumba. Labda uwe na jambo baya."

Hilo ndilo lililonimaliza. Si Dada, nilishamzoea. Ni kwamba kwa dakika moja tu mwizi alikuwa amekaa upande wa wenye haki na mimi niliyeibiwa nimesimama kizimbani, naulizwa kwa nini nilikuwa na kitu cha kuibiwa. Na sauti yao ilikuwa ya upole! Walinionea huruma kwa ubaya wangu. Nilijua nikifungua mdomo nitasema neno ambalo halirudi.

Nilizunguka meza, nikaenda ukutani, nikautoa mkasi wa Dada kwenye msumari.

Ulikuwa mzito kuliko wangu, na ulinuka mafuta. Chini ya meza kulikuwa na boksi gumu la viatu tunalowekea zipu. Nikamwaga zipu, nikasimamisha boksi mezani, nikafungua makali ya mkasi, nikayaweka kwenye ukingo wake.

"Weka chini!" Dada aliruka mpaka kiti kikaanguka. "Pini! Weka chini! Huo ni wangu! Nani kakuruhusu kushika? Hata kuomba huombi?"

Sauti yake ilijaa chumba kizima. Mama alijikohoza. Nyuma ya pazia mwalimu aliacha kujikung'uta. Dada alikuwa bado amenyoosha mkono, ule wenye kidole kilichovimba, na nikaona maneno yake yanamrudia masikioni, moja baada ya jingine.

"Mkuki kwa nguruwe," alisema Bi Vifungo bila kuinua macho kwenye kifungo chake. Hakumalizia, nusu ya pili kila mtu anaijua.

Sikukata. Mimi si mtu wa kuharibu riziki ya mtu. Nilifunga makali, nikaurudisha mkasi kwenye msumari wake, nikauweka sawa kama alivyouacha.

"Ungeniuliza, Dada, ningekujibu," nikamwambia. "Hukuniuliza. Ulinijibia."

Alikaa, si kwenye kiti, maana kiti kilikuwa chini. Alikaa kwenye ukingo wa meza ya kukatia, jambo ambalo angemfukuzia mtu kazi. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Sasa nani atanikatia?"

Pazia likasogea. Kichwa cha mwalimu kikachungulia. "Kumbe anayekata ni yeye?" akauliza, na ulikuwa udadisi mtupu, hana ubaya, ila nilimwona Dada akifumba macho kama aliyemwagiwa maji. Siri yake aliyoilinda kuliko mboni ya jicho aliitoa mwenyewe, kwa mdomo wake.

Mnadhani nilimhurumia? Nilizidi kukasirika. Maneno mawili tu, nani atanikatia, angeyasema juzi, jana, mwaka jana, tungekaa chini tukapanga. Aliona ni rahisi kuniibia kuliko kuniomba. Kuomba kungemshusha, kuiba, aliona ni ulezi.

"Yaishe, mwanangu," Mama alisema. "Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mimi nafunika kila siku, Mama. Leo mikono imechoka," nikasema, nikaokota simu nikaenda chumbani.

Nikakaa kitandani kubadilisha makufuli yote. Mchoro niliufuta, nikaweka tarakimu zisizo za siku ya kuzaliwa ya mtu yeyote wa nyumba ile. Neno la siri la akaunti nikalibadilisha. Nikaamuru akaunti itoke kwenye kila kifaa kingine, na kweli, ilikuwa wazi hata kwenye ile tableti ya karakana tunayoonyeshea wateja mitindo; hakuridhika kuingia, alijiachia na mlango nusu wazi. Halafu mashine ikaniletea maswali ya usalama. Shule yako ya kwanza ni ipi? Alinipeleka yeye, amenishika mkono. Jina lako la utani utotoni? Alinipa yeye. Chakula ulichokipenda? Alinipikia yeye. Maswali yale yalitungwa na mtu asiye na dada. Ikabidi niidanganye mashine. Kwenye shule niliandika kitu cha jikoni, kwenye jina la utani nikaandika aina ya uzi, na nilipokuwa naandika machozi yalinitoka, maana nilikuwa najifuta kwenye maisha yangu mwenyewe ili yasitumike kunifungulia.

Jumatatu nilifunga mkasi wangu ndani ya kitambaa, nikaenda. Mkuu wa mavazi ni mwanamke mrefu, miwani yake ina kamba, hana maneno mengi. Alinipa kitambaa kizito cha pazia na kipande cha chaki, akasimama nyuma ya bega langu. Nikachora mgongo wa koti la mfalme bila kiolezo, nikakata. Mkasi ukatoka upande wa pili.

"Mkono huu haukuandika ile barua," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Naona. Lakini yule bwana nimeshamwahidi, ameacha kazi aliyokuwa nayo. Siwezi kumrudisha barabarani kwa sababu ya ugomvi wa kwenu." Alivua miwani. "Nafasi niliyo nayo ni ya pindo na vifungo. Koti lako nimelipenda, litashonwa. Atalikata yeye."

Nikacheka, kicheko cha kukosa pa kuweka hasira. Nikaikubali. Na ndivyo ilivyokuwa: koti nililolichora mimi, akalikata bwana mwingine, mtu mzuri tu, ana adabu, hana kosa lolote, na nikatamani awe na kosa. Mimi nilishona pindo lake. Usiku wa kwanza mfalme alipogeuka, ukumbi mzima uliguna, na mimi nilikuwa nyuma ya jukwaa na sindano mkononi, nimesimama pembeni ya furaha yangu mwenyewe.

Nyumbani nilibaki, kwa maana ya kulala. Asubuhi nasema shikamoo Dada, naitikiwa marahaba, basi. Karakana ilipungua wateja. Mwalimu hakuwa mbaya, ila mwalimu ana mdomo. Vitambaa vizito Dada alivirudisha, akisema ana kazi nyingi, na Bi Vifungo aliniambia kwamba mkasi siku hizi unapakwa mafuta kila siku, hata pasipo na haja.

Kisha Jumapili moja mchana nikasikia hodi kwenye mlango wa chumba changu. Katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kubisha hodi kwenye mlango wa ndani. Nilidhani ni mgeni amepotea. Alikuwa Dada. Mkononi amebeba kitambaa kizito cha suti, amekikunja vizuri, na juu yake ameweka vipimo vya mwalimu. Hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Nimekuja kuomba," alisema. Alimeza mate. "Unikatie hii moja. Ukininyima, nitanyamaza."

Maneno yaleyale. Alinifundisha nikiwa sijafika urefu wa meza, na ilimchukua miaka yote hii kuyajifunza. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumfungia mlango usoni, vyote viwili kwa nguvu zilezile, na sikufanya hata kimoja. Nilichukua mkasi wangu, nikatangulia karakanani.

Alitandika kitambaa yeye mwenyewe, akakilainisha kwa kiganja. Nikachora. Nilipofika kwenye bega nilihitaji kuangalia picha ya mtindo alioutaka mwalimu, ambayo Dada alinitumia palepale, basi nikafungua simu, vidole vikiwa vyeupe kwa chaki, nikaitazama, nikaiweka mezani. Dada alikuwa amesimama upande wa dirisha. Mwanga ulipiga kioo, na nikamwona macho yake yanashuka, si kwa ubaya, ni mazoea tu, yanafuata alama nyeupe moja baada ya nyingine.

Alipotambua kwamba namtazama, aligeuza uso ukutani.

Niliinua pindo la gauni langu nikafuta kioo mbele yake, taratibu, mpaka kikawa cheusi kabisa. Kisha nikashika mkasi nikamkatia.